Mkono wa Fundi

Juzi pale Ngamiani, Tanga, tingatinga la dizeli la kuchota kifusi lilizimika katikati ya barabara, na lori la katani likakwama nyuma yake. Fundi akainama kwenye injini, akasema, “Hewa imeingia kwenye bomba la mafuta.”

Dawa yake ni kulegeza nati, kupampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, kisha kukaza. Ukiachia pampu kabla hujakaza, hewa inarudi.

Mapovu yalikuwa yanapungua alipopita mzee anayetoka msikitini. “Salaam aleikum, fundi,” na mkono kaunyoosha. Nani Tanga atauacha mkono wa mzee ukining'inia? Fundi akaachia pampu, akajifuta kiganja kwenye suruali, akaupokea. “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nyumbani hawajambo? Na mama, miguu yake?”

Mapovu yakarudi. Akaanza upya. Akaja muuza mkaa, naye na mkono wake.

“Jamani, msalimieni kwa mdomo!” dereva wa lori akafoka. “Meli inaningoja!”

“Kwani wewe umelelewa wapi?” mzee akamuuliza.

Aliyeliunda tingatinga lile, naapa, hajafika Tanga.

Hatimaye injini ikakohoa, ikanguruma. Fundi, mkono mmoja bado kwenye pampu, akachukua spana akaze nati. Nani akaruka kutoka kwenye lori, akaudaka mkono ule wa pampu na kuutikisa kwa furaha? Dereva yule yule. “Ahsante, ndugu yangu, ahsante sana!”

Injini ikazimika.

Mzee akasogea, akanyoosha mkono.

“Pole, fundi.”