Aliyetumwa Sokoni

Nzigire alizaliwa Kadutu, upande wa Bukavu. Aliolewa huko, na huko huko akarudishwa kwao. Mume hakumpiga wala hakumtukana. Walingoja mtoto miaka mingi, kisha siku moja akamwambia kwamba mama yake anataka wajukuu, akamsaidia kufunga mizigo na kumtafutia wa kuibeba. Ukarimu ule ulimuuma Nzigire kuliko ambavyo matusi yangemuuma.

Mzee Ntabaza, baba yake, alikuwa amekwisha kufariki. Mdogo wake Nzigire, Hugues, alikuwa amevuka mto wa mpakani na kufungua kiwanda kidogo cha kushona nguo huko Kamembe, upande wa Rwanda, akamwoa msichana wa huko, Tumukunde. Basi Nzigire na mama yake wakavuka daraja nao, wakahamia kwake. Mama, ambaye nyumba nzima ilimwita Koko, yaani bibi, alipewa chumba cha ndani. Nzigire alilala na Elikia, binti mkubwa wa Hugues, aliyekuwa bado mdogo wa kukojoa kitandani. Asubuhi Nzigire aliuza sambaza sokoni, wale samaki wadogo wa ziwani waliokaushwa, na jioni alirudi akinuka samaki. Elikia alimnusa shingoni na kusema tantine, yaani shangazi, ananuka ziwa, kisha akalala hapo hapo mkono ukiwa juu ya kifua chake. Kwa Nzigire, hayo yalitosha. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba yanatosha.

Korona ilipoingia, mpaka ulifungwa kwanza. Wanunuzi wa Bukavu wakapotea sokoni. Cherehani za Hugues zikanyamaza, na baadaye mji mzima ukaambiwa ukae ndani; kutoka ni kwenda kutafuta chakula tu. Koko alikuwa na sukari, na presha juu yake. Mchana mmoja, vyombo vikiwa bado mezani, Hugues akawaambia watu wazima wabaki wamekaa.

"Maman akishikwa na ugonjwa huu, hatapona," alisema. "Tusidanganyane. Kwa hiyo atatoka mmoja tu. Na huyo akirudi, asichanganyike na sisi."

"Huyo mmoja ni nani?" Tumukunde aliuliza. Alikuwa akimnyonyesha Héritier, mtoto wao mchanga.

Hugues alitazama mikono yake. Labda alikuwa karibu kusema kwamba ni yeye. Koko alimtangulia.

"Nzigire aende. Yeye hana batoto."

Aliyasema kwa sauti ile ile ya kusema chumvi imeisha. Tumukunde aliinamisha kichwa juu ya mtoto. Hugues alikohoa kidogo na kusema kweli, tukifikiria vizuri, ni vile. Nzigire alisema, "Sawa, Maman," akainuka, akaenda kutoa godoro lake chumbani kwa Elikia.

Kulikuwa na chumba cha nje walimoweka makaa. Alikifagia, akakipaka chokaa, akakaa humo. Nyumba ikaanza kuishi kwa mizani. Kila jambo lilipimwa. Hugues alitaka pesa za chenji zioshwe kwa sabuni. Tumukunde aliona noti zitaoza, wakakubaliana zianikwe juani. Nyanya zilioshwa mara mbili. Sahani ya Nzigire ilikaa nje, peke yake, juu ya tofali. Koko alijifukiza majani ya mkaratusi mpaka macho yakawa mekundu. Walibishana juu ya dirisha la chumba chake, lililotazama uani: Hugues alitaka lifungwe kabisa, Koko akasema hakuzaa mtoto ili aongee naye kupitia ukuta. Wakaamua libaki wazi, lakini Nzigire asimame kwenye mti wa parachichi, barakoa usoni.

Akawa anasimama pale. Koko alimuuliza habari za soko, nani ameonekana, nani haonekani, bei ya maharagwe. Nzigire alijibu kwa neno moja moja. "Wapo." "Imepanda." "Sijui." Aliumia, na hakujua namna nyingine ya kumwonyesha mama yake kwamba ameumia. Siku nyingine alipita moja kwa moja hadi chumbani mwake, akajifanya hakusikia akiitwa.

Elikia alilia siku za mwanzo. Aligonga mlango wa chumba cha makaa, akavutwa mkono na mama yake, akapelekwa kunawa. Baadaye akawa hagongi. Alisimama kwenye mlango wa jikoni na kupunga mkono.

Kikohozi cha Koko kilianza kama mafua. Tumukunde alimchemshia tangawizi. Kisha mwili ukachemka, kisha pumzi ikaanza kumkatika akiongea. Hugues alitoka uani, akasimama mbali na Nzigire.

"Ni wewe," alimwambia. "Nani mwingine anatoka? Ni wewe umetuletea."

Nzigire aliketi kwenye kizingiti cha chumba chake akazipitia safari zake zote za sokoni, moja baada ya nyingine. Kulikuwa na mwanamke aliyepiga chafya karibu na mzani. Kulikuwa na siku barakoa ilipoloana kwa mvua, akaishusha apate kupumua. Alitafuta kosa lake kama mtu anayetafuta sindano mchangani, na kila alichokishika alikiona ndicho. Mpaka Mukabalisa, mhudumu wa afya wa mtaa, alipofika na wenzake kuwapima wote, Nzigire alikuwa ameshajihukumu: amemuua mama yake.

Gari lilimchukua Koko kumpeleka kwenye kituo cha wagonjwa. Aliingia mwenyewe, akishikilia kitenge chake kisiburuzike chini. Hakuna aliyeruhusiwa kumfuata.

Majibu yalifika. Koko alikuwa na ugonjwa ule. Hugues alikuwa nao, ingawa hakuwa na dalili zaidi ya kichwa kuuma. Tumukunde na watoto hawakuwa nao. Nzigire hakuwa nao. Mukabalisa alimwambia mara ya pili, maana alimwona haelewi.

"Wewe uko mzima, dada. Hakuna kitu."

Hugues akafungiwa chumba cha Koko. Jua lilipokuwa likipungua alimwita dada yake dirishani. Nzigire akaja, akasimama pale pale kwenye parachichi.

"Nilikuwa naenda kwa Muhigirwa," Hugues alisema. Muhigirwa alikuwa jirani wa nyuma. Ua wake ulipakana na wa nyumba ya Hugues. "Karata tu. Nilikuwa naruka ua. Nyumba ilikuwa inanikaba, Nzigire. Nilifikiri Muhigirwa naye anakaa ndani, hatoki, haiko shida."

Nzigire alimtazama mdogo wake huyu, ambaye yeye ndiye aliyemlea mgongoni, sasa ana mvi kidevuni. Alitafuta hasira, hakuipata.

"Hatujui ni nani aliyempa nani," alisema. "Labda ilipita kwingine."

"Unajua haikupita kwingine."

"Kula chakula chako, kitapoa."

Siku mbili tatu baadaye Koko alipiga simu kwa msaada wa muuguzi. Hakumtaka Hugues. Alimtaka Nzigire. Sauti ilikuwa nyembamba, na katikati ya maneno kulikuwa na mlio wa mashine.

"Umekula?"

"Nimekula, Maman."

"Kile chumba kina baridi. Omba Tumukunde blanketi yangu, ile nzito. Mimi huku wamenipa."

"Nitaiomba."

"Bei ya maharagwe?"

Nzigire akamwambia yote. Bei ya maharagwe, ya unga, ya ndizi kutoka Nkanka. Muuza mkaa aliyerudi sokoni, mama wa vitumbua ambaye bado haonekani. Alimwaga habari zote alizomnyima pale dirishani. Neno lile la mezani lilikuwa kooni. Alitaka kuuliza: Maman, ulimaanisha nini? Lakini mtu anayehesabu pumzi zake humuulizi swali kama hilo. Muuguzi akasema mgonjwa apumzike.

Koko hakurudi.

Mazishi yalikuwa ya watu wachache mno. Hugues alikuwa bado amefungiwa chumbani na Tumukunde hakuweza kuacha mtoto wa kunyonya. Hivyo Nzigire ndiye aliyekwenda, peke yake kutoka katika ukoo mzima. Ndugu wa Bukavu walikuwa ng'ambo ya daraja lililofungwa. Watu waliovaa nguo nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni waliteremsha jeneza. Aliambiwa asimame mbali, akasimama. Mchungaji aliomba haraka. Walipomaliza walimruhusu kusogea, akachota udongo akautupa mara moja kwa ajili yake, na mara moja kwa ajili ya Hugues, kisha kwa kila mtu aliyemkumbuka jina, mpaka mmoja wa wale watu akamgusa bega kwa upole na kumwambia, "Mama, imetosha."

Matanga hayakuwako. Hakuna aliyekuja kulala nao, hakuna aliyeleta kuni wala sukari. Majirani walisimama barabarani na kuinamisha vichwa.

Mji ulipofunguliwa, Tumukunde alimfuata Nzigire kwenye chumba cha makaa.

"Koko aliniambia kitu, siku ile ile tulipokaa mezani," alisema. "Aliniambia alikuchagua wewe kwa sababu Hugues ni mzembe, na wewe ukiambiwa usishike, haushiki. Alisema ile ya batoto ili Hugues asione aibu."

Nzigire alimshukuru. Tumukunde alikuwa mtu wa kweli, lakini alikuwa pia mtu mwenye huruma, na kati ya hayo mawili Nzigire hakuweza kujua ni lipi lililokuwa likisema.

Alijaribu kurudi chumbani kwa Elikia. Godoro lilirudishwa, shuka likatandikwa. Msichana alilala ukingoni, akiwa amejikunja kuelekea ukutani, na alipoguswa alishtuka. Alikuwa amefundishwa, akafundishika. Asubuhi moja alimwambia mama yake, kwa adabu, kwamba kitanda ni kidogo.

Nzigire sasa anaishi Nkanka, karibu na ziwa, ananunua sambaza kwa wavuvi asubuhi na kuwaanika mwenyewe. Hugues humtembelea kila mwezi. Huleta sabuni na kutengeneza bati linalovuja. Majuzi, ugonjwa mwingine, ule wa vipele, ulipotangazwa redioni, alimpigia simu kumweleza walivyopanga nyumbani: safari hii anatoka yeye. Nzigire alisema ni vizuri, akamkumbusha awe ananawa hadi kwenye viwiko.

Elikia ni mrefu kuliko yeye siku hizi. Likizo huja kumsaidia kugeuza samaki kwenye jua, huimba nyimbo za simu, hucheka sana. Kwenye chumba cha wageni Nzigire amemwekea kitanda chake, chenye neti mpya. Msichana hulala vizuri humo, mlango ukiwa umefungwa.