Kumsindikiza Mtani Njia ya Changarawe

Kwetu Tabora mgeni haagwi mlangoni. Ukimuaga mlangoni umemfukuza. Unavaa kandambili, unatoka naye, mnatembea mpaka maneno yaishe, ndipo unageuza. Mama yangu alikuwa anasindikiza mtu mpaka maharage yanaungua jikoni, na akirudi anatugombeza sisi. Mimi nimelelewa hivyo, na miaka yote hii ya Toronto haijanitoa tabia hiyo.

Mtani wangu ni mtu wa Tanga. Wanyamwezi na watu wa pwani tunataniana tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kutoka bara. Tulikutana kwenye chumba cha kufulia nguo, chini ya jengo letu hapa Dixon. Hakuniuliza jina. Aliuliza kwetu wapi, nikamwambia, akanikabidhi kikapu chake cha nguo mbichi.

"Beba basi, si ndiyo kazi yenu?"

Nikakibeba mpaka ghorofa ya tisa, maana lifti ilikuwa mbovu, nikimtukana njia nzima. Tangu siku hiyo hatukuachana.

Halafu mwanawe akanunua nyumba Brampton, akamhamishia mama yake huko. Daktari naye akamwambia mama sukari imepanda, afanye mazoezi. Sasa huyo mwanawe ana ugonjwa wake, ugonjwa wa baiskeli za changarawe. Barabara ya lami haitaki. Anatafuta njia za vumbi na kokoto, anakwenda kuumia huko kwa hiari yake. Akamnunulia mama yake baiskeli ya namna hiyo, tairi nene, gia nyingi ambazo mpaka leo hatujazimaliza. Mimi nikanunua ya mkono wa pili kwa jirani wa ghorofa ya nne. Ilikuwa na keria, kengele na breki moja.

Kati ya Brampton na Dixon kuna njia inayofuata mto. Sehemu nyingine ni lami, ukiingia porini ni changarawe tupu. Kila Jumamosi mtani alinijia kwa njia hiyo, tukanywa chai, tukasengenya tunaowajua na tusiowajua, na ikifika saa tisa akasema haya, anakwenda. Namuachaje aende peke yake? Natoa baiskeli, namsindikiza mpaka daraja la chuma, katikati ya safari.

Pale darajani ndipo matatizo yanapoanza. Na yeye kalelewa.

"Nikuache urudi mwenyewe," ananiambia, "mwanamke mzima mwenye breki moja?"

Anageuza, ananirudisha mpaka penye mierebi, ile miti ya kando ya mto. Nikifika pale naona aibu, mgeni wangu ndiye kanisindikiza, nami namrudisha darajani. Darajani anakumbuka jambo la harusi ya mtu fulani ambalo hakulimaliza. Tunarudi tena.

Kumbe mwanawe alikuwa amemfunga mkononi saa inayochora kila anapopita. Jumapili moja akanipigia simu. Ananiita mama mdogo, kijana ana adabu zake.

"Shikamoo mama mdogo. Jana mlipotea?"

"Marahaba. Tulipotea wapi?"

"Naona mmepita sehemu moja mara tisa. Kilomita hamsini na mbili."

"Tulikuwa tunaagana."

Halafu akasema hamsini na mbili juu ya changarawe ni nyingi sana, hata rafiki zake hawafiki. Nikaringa wiki nzima, mjinga mimi, sikujua nilichokuwa nakijenga.

Mwezi wa tano akatuita mezani kwake, akafungua ramani kubwa. Amepata kazi Alberta, mbali huko magharibi, karibu na ile milima yenye theluji hata Julai. Wanahama mwezi wa nane, yeye, mkewe, watoto na mama. Kila mstari kwenye ramani ulikuwa njia ya changarawe: hii inapita msituni, hii inapanda mpaka mahali miti inakoma, hii inazunguka ziwa. Mama yake alikuwa amemwambia siku nyingi kwamba Alberta haendi, atakwenda kufanya nini mzee kama yeye milimani. Kijana akaweka kidole kwenye mstari wa ziwa, unaopanda mpaka kilele kidogo kisicho na miti halafu unashuka upande wa pili.

"Hii arobaini tu, mama. Wewe umeshafanya hamsini na mbili."

Mtani akanitazama. Mimi nikatazama chai. Miezi yote ile ya kusindikizana, kumbe nilikuwa namfundisha kuondoka.

Sikutaka aende. Nasema hapa kwa sababu siku ile sikusema. Nilisema, "Nenda mwaya, hapa kuna nini zaidi ya ndege kupita juu ya vichwa?" Ulimi wangu ndivyo ulivyo, jambo la maana ukiupa unatema jingine.

"Na dubu je?" mtani akamuuliza mwanawe.

"Ukikutana naye usikimbie. Zungumza naye taratibu, huku unarudi nyuma."

"Nianze na shikamoo?"

"Inategemea umri wake," nikasema. Tukacheka wote, lakini nyumbani sikulala vizuri.

Kijana akatuagiza tufanye mazoezi ya vilima. Toronto vilima vya kuhesabu, tukapata kimoja karibu na mto ambacho watoto hutelezea theluji wakati wa baridi. Kupanda nilikokota. Kushuka, breki yangu ilikataa, changarawe ikanipeleka ilikotaka, nikaingia kichakani na baiskeli, na chupa ya chai, na chapati za watu wawili. Nikiwa nimelala humo namsikia mtani anakuja mbio, nikajua leo nitapewa pole ya maana.

"Mzigo umepona?" akauliza.

Mwezi wa nane ukafika. Mwanawe akatangulia na lori la vyombo, baiskeli ya mama yake ikiwa juu. Mama akaachwa apande ndege, na mimi nikapewa kazi ya kumfikisha uwanjani. Kijana alinisisitizia: nisimuache mpaka aingie. Nikamwambia, unamfundisha Mnyamwezi kusindikiza?

Tulifika mapema sana. Mizigo ikaenda, tiketi ikatoka. Tukaagana kwenye ule mlango wa ukaguzi, tukaambiana maneno ya kawaida, dawa zako unazo, ukifika piga. Nikageuka kwenda kituo cha basi la Dixon. Sijafika mbali nikasikia, "We Mnyamwezi, ngoja, nikusogeze."

Akanisogeza mpaka kituoni. Basi likaja, likaenda. Nikamwambia haiwezekani, msafiri ni wewe, nikamrudisha mlangoni. Akakumbuka ile harusi, ambayo kumbe iliishia kwa talaka. Akanirudisha kituoni. Nikamrudisha. Mara ya tatu tuliketi kidogo kwenye benchi, mbele ya ubao mkubwa wa ndege, yeye akiendelea na talaka na mimi nikiitikia.

Alipofika mlangoni, yule dada mkaguzi akaiangalia tiketi, akamwangalia yeye, akasema ndege hiyo haipo tena.

Nilimpigia mwanawe mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama mdogo, ilikuwaje?"

"Tulikuwa tunaagana."

Akapata nafasi nyingine siku ya tatu yake. Siku mbili hizo mtani alilala kwangu, na sijawahi kupika vile kwa ajili ya mtu. Halafu kijana akanipigia tena. Alianza na shikamoo, akaniulizia afya, akaniulizia na kazi, nikajua kuna jambo.

"Naomba, mama mdogo, kwa heshima zote. Kesho nimemwagizia teksi. Umuage mlangoni."

Basi nikamuaga mlangoni, mimi, mtoto wa mama yangu. Nikafunga, nikakaa sebuleni nikalia, hata vikombe sikuosha.

Mwisho wa mwezi wa tisa, Jumamosi saa nane, simu ikalia. Nilisikia upepo, na mtu anayehema.

"Niko juu," akasema. "Miti imekoma kweli. Mwanangu na watoto wameshashuka, wananisubiri ziwani. Naogopa kushuka."

"Breki mbili unazo?"

"Ninazo."

"Basi unaogopa nini?"

Na mimi sijui kwa nini nilichagua saa ile, mtu yuko kileleni, lakini jambo lile nilikuwa nimelibeba wiki tano. Nikamwambia. Siku ya uwanja wa ndege, tulipokaa kwenye benchi, ule ubao ulikuwa mbele yangu na saa ilikuwa juu yake. Niliiona. Nilijua zimebaki dakika ngapi, nikanyamaza, nikamuuliza huyo mume wa talaka anatoka wapi.

Upepo ukavuma kwenye simu.

"Tulikaa benchi moja, Mnyamwezi," akasema. "Unadhani mimi nilikuwa natazama wapi?"

Akaniambia simu anaiweka kwenye kikapu cha mbele, nisikate. Nikasikia pedali, halafu changarawe, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, na yeye akiniita kila kona aone kama bado nipo. Niliitikia zote. Alipofika ziwani wajukuu wakampokea kwa kelele, nikamwambia haya, umefika, mimi nakwenda zangu kupika.

"Ngoja," akasema. "Nikusogeze mpaka jikoni."