Mama Kuanguka

Rodah wa Kimulot alianguka mara moja tu kwa bahati mbaya. Alikuwa akichuma chai, akateleza na kikapu mgongoni, mwenzake akamrekodi, na kufikia jioni nchi nzima ilikuwa inamcheka. Tangu hapo akiposti jambo la maana hakuna anayelitazama, akianguka, maelfu. Wakamwita Mama Kuanguka, hata kanisani. Mtu mzima, mwenye wajukuu! Alichoka.

Ndipo Ooko, fundi wa simu pale senta, akamtengenezea tovuti yake mwenyewe. Huko Rodah aliandika habari za ng'ombe wake na nyimbo ambazo mamake alimfundisha. Hakuna aliyemcheka. Hakuna aliyekuja pia, maana watu wa huku hununua bando za mitandao ya kijamii tu, na hizo hazifungui tovuti. Lakini palikuwa kwake, akapapenda, akaapa kwamba haanguki tena.

Halafu mamake, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka, akaondoka nyumbani asubuhi asirudi. Majirani walimtafuta hadi ukingoni mwa msitu. Rodah akaweka picha ya mamake kwenye tovuti, hakuna aliyeiona. Akajirekodi akilia, akaituma video hiyo kwenye mtandao wa kijamii. Watu wakajaza vicheko. Mmoja akauliza ataanguka saa ngapi.

Rodah alikasirika. Lakini mvua ilikuwa inakuja, na mamake alitoka bila sweta. Akabeba kikapu mgongoni, akamwambia Ooko ashike simu, akaanguka. Akiwa bado chini kwenye matope, akainua picha ya mamake yenye namba ya simu.

"Huyu ni mama yangu. Amepotea kweli. Mkimwona, mnipigie."

Simu ikaja jioni hiyo hiyo kutoka Kaplong. Mamake alikuwa amepanda gari la maziwa, na Arasa, muuza viazi, alimkuta barabarani akamkalisha kwenye kibanda chake. Rodah alipofika alimkumbatia mamake, akamshukuru Arasa mpaka maneno yakamwishia. Arasa alikataa zawadi. Aliwaita watoto wake, akatoa simu.

"Mama Kuanguka, angukia hawa watoto kidogo tu, wakuone live."

Rodah alimtazama mamake, aliyekuwa akinywa chai kwa utulivu. Hakuona jinsi ya kukataa. Akaweka mkoba chini, akaanguka.

Watoto wakacheka. Mamake naye akacheka nao, akamuuliza Arasa huyo mama anaitwa nani.