Mzee Aliyeletwa Nyumbani kwa Gertrude

Mama Gertrude aliuza maboke katika soko dogo la Kabondo, mjini Kisangani. Asubuhi alifunga samaki kwenye majani pamoja na nyanya, pilipili na chumvi, akayapanga juu ya makaa, na jua lilipofika utosini wanafunzi na watu wa ofisi walikuwa wamemzunguka wakingoja. Alikuwa mjane. Binti zake walikuwa wameolewa mbali. Katika kwaya ya wamama yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, lakini wenzake walipoanza kusimulia yale Mungu aliyowaambia katika ndoto, alinyamaza. Wakimwuliza, alijibu, "Mimi hajaniambia kitu. Nasoma, nasali, nalala."

Kisha vita vya mashamba vikazuka ng'ambo ya mto. Makabila mawili yaliyokuwa yameoana na kulima bega kwa bega tangu enzi za mababu yalianza kuuana kwa mapanga na mishale kwa sababu ya mipaka ya ardhi. Ruffin, kaka mkubwa wa Gertrude, ambaye ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufa, aliuawa shambani kwake. Mwili haukupatikana. Gertrude na mdogo wake Guelord, dereva wa pikipiki, waliweka matanga bila maiti, na watu walilia wakiwa wameelekea mto kwa sababu hapakuwa na kaburi la kuelekea.

Waliokimbia walivuka kwa mitumbwi wakaingia mjini. Kanisa la Gertrude likafungua madarasa ya shule yake ili wapate pa kulala. Waliofikia pale walikuwa wa kabila lile lingine, la watu waliomuua Ruffin. Tangu siku hiyo Gertrude aliacha kupita uwanja wa shule. Akienda kwenye mazoezi ya kwaya alizunguka kwa nyuma, kwenye matope, ili asiwaone.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, Pasta Alexis alisimama mbele ya waumini akasema madarasa yanahitajika. Wengi walikuwa wamepata ndugu wa kuwachukua, ila wamebaki wachache wasio na mtu. "Anayesikia moyoni mwake kumpokea mmoja, aje aniambie," alisema. Gertrude alitazama viatu vyake mpaka ibada ikaisha.

Siku chache baadaye alikuwa sokoni anaosha samaki, hawazi lolote la maana, maneno yakamjia: Mchukue yule mzee. Hayakuwa na mlio. Hakuna aliyeyasikia isipokuwa yeye, na hata yeye hangeweza kusema aliyasikia kwa sikio. Lakini alijua ni mzee gani. Alikuwa amemwona mara moja tu, akiwa ameketi mlangoni mwa darasa la mwisho na miguu iliyovimba, naye Gertrude akageuza uso.

"Hapana," alisema kwa sauti.

Karima, mama wa Maniema aliyeuza unga kwenye meza ya jirani, akageuka. "Unasema na nani, mama?"

"Na hakuna mutu."

Alitafuta njia ya kuponyoka. Alifunga kula, akiomba aambiwe kwamba alikosea kusikia. Hakuambiwa. Mwishowe alikwenda kwa Pasta Alexis, na moyoni alitumaini kwamba yeye atamfungua kutoka kwa neno lile.

"Pasta, kama Mungu anaomba mutu kintu chenye haiwezi, inakuwa namna gani?"

"Anakuomba nini?"

Akamweleza. Pasta ndiye aliyeongoza sala katika matanga ya Ruffin. "Mama Gertrude," alisema, "mimi sikukutuma. Ukitaka niseme haikuwa Mungu, siwezi. Ukitaka niape kwamba ni Yeye, hilo pia siwezi."

"Sasa mi nitajua namna gani?"

"Pima na yale amekwisha kusema katika Neno lake. Kama yanafanana, fanya."

Gertrude alitoka pale na hasira, maana mlango wa mwisho ulikuwa umefungwa. Alikuwa amesoma tangu utoto yaliyoandikwa juu ya mgeni na juu ya adui, na alijua fika kwamba yalifanana.

Mzee aliletwa akiwa amekalishwa juu ya baiskeli, na kijana mmoja wa kanisa akiisukuma. Jina lake Émile. Hakuwa na mzigo. Gertrude alimpa chumba ambacho binti zake walikuwa wakilala, akamwekea maji, akaenda kukaa jikoni.

Guelord alikuja juma lile. Alimkuta mzee barazani akiota jua, akamsalimia kwa heshima, kisha akamsikia akiitikia kwa lafudhi ya kabila lile lingine. Aliingia ndani uso umebadilika.

"Yaya, dada yangu, huyu ni nani?"

"Ni Papa Émile. Alikuwa analala kwa masomo, pale kanisani."

"Bale batu njo walimukata Ruffin, na wewe unamupa kitanda?"

"Guelord, mi sikupenda. Nilitumwa."

"Na nani?"

Gertrude alitamani kulisema jibu kwa nguvu, kama wale wanaosimama kanisani kutoa ushuhuda. Lilitoka kama la mtu anayeungama kosa. "Na Mungu."

"Bon. Alors Mungu wako asinitume mimi." Akawasha pikipiki akaondoka. Hakuja tena.

Gertrude alimwogesha mzee, akamkanda miguu kwa maji ya moto, akamsagia lituma laini ya ndizi kwa sababu meno yalikuwa yamekwisha. Mzee alisema "Aksanti, mama" kila mara, wala hakuongeza neno. Gertrude alingoja moyo wake ulainike. Alikuwa amesikia mahubiri mengi kwamba ukitii, upendo hufuata nyuma. Haukufuata. "Bwana," aliomba, "mikono yangu inatii. Moyo umekataa kuja. Nifanye nini?" Yule aliyesema naye mbele ya beseni la samaki sasa alikuwa amenyamaza.

Micheline, mwenzake wa kwaya, alikuja na maono. Alikuwa ameona moshi mweusi ukitoka kwenye bati la nyumba ile. "Mungu amenionyesha," alisema. "Ule muzee atakuletea kifo. Mutoshe kwa nyumba." Gertrude alitamani sana iwe kweli. Alilibeba neno la Micheline siku nzima, akaliweka mbele za Mungu kadiri alivyojua. Lakini lilififia lenyewe, na lile la kwanza likabaki palepale, zito vilevile.

Ndipo siku moja mvua ikanyesha tangu asubuhi, hakwenda sokoni. Alikuwa anaponda ndizi barazani huku akiimba kwa sauti ya chini, na katikati ya wimbo akaanza kumlilia kaka yake, akimwita jina: Ruffin wetu, Ruffin wa mama.

Mzee akainua kichwa. "Ruffin ule alikuwa anapiga ngoma kwa kanisa?"

Mchi ukasimama mkononi mwa Gertrude. "Unamujua?"

"Namujua."

"Ni kaka yangu. Walimuua."

Mzee alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Mama, siku ile mi nilikuwa kule."

"Kule wapi? Kwa shamba?" Gertrude alichutama mbele yake. "Ulikuwa unafanya nini kule, papa? Niambie."

"Mi nilikuwa..." Akajifunika uso kwa viganja, akalia kilio cha mtu mzima, mabega yakipanda na kushuka. Gertrude alimshika mikono kuitoa usoni, lakini ilikuwa imekaza. Alimsihi. Alimkaripia. Mwishowe alitoka akasimama kwenye mvua, kanga ikimgandama mwilini, akijiambia kwamba mzee akitulia atamwuliza vizuri.

Asubuhi alimkuta ameanguka kando ya kitanda. Mdomo ulikuwa umepinda, upande mmoja wa mwili haukusogea, na ulimi ulikuwa umekufa. Kijana yule wa baiskeli aliitwa, wakampeleka kituo cha afya. Muuguzi alisema mshipa wa damu umepasuka kichwani, na kwao hapakuwa na la kufanya. Wakamrudisha.

Sasa Gertrude alilazimika kumlisha kwa kijiko. Jicho moja la mzee lilimfuata kila aendako, na mara nyingine koo lilijaribu: "Mu... mu..." Gertrude alikimbia kuinama karibu. "Papa, ulimuona tu? Ao ulikuwa pamoja na bale walimuua? Finya mukono wangu." Mkono haukufinya. Machozi tu yalishuka upande ule uliokufa, yakaingia sikioni.

Ilikuja siku aliyokaa kando ya kitanda, kijiko cha uji kimebaki hewani, asiweze kukipeleka mdomoni wala kukirudisha bakulini. Aliwaza kwamba huenda mkono ule mkavu juu ya shuka ndio ulioshika panga. Aliwaza pia kwamba huenda ndio uliojaribu kumfunika Ruffin majani. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza duniani, na mbinguni alikuwa ameshauliza. Uji ukapoa. Mzee alifungua mdomo kidogo, akingoja, kama mtoto. Gertrude akamlisha. Hakuwa amesamehe, na hata hakujua ni kosa gani la kusamehe. Alimlisha kwa sababu lile aliloambiwa mwanzo halikuwa limefutwa na lingine.

Papa Émile alifariki Jumapili, Gertrude akiwa kanisani. Aliporudi alimkuta ameelekea ukutani. Alizikwa na Pasta Alexis na watu wachache. Micheline alikuja pia, akasimama nyuma, hakusema kitu kuhusu moshi.

Baada ya mazishi mwanamke mmoja alifika akiulizia nyumba. Alikuwa Priscille, binti wa mzee, aliyeolewa Yahuma. Habari kwamba baba yake yuko hai zilikuwa zimemfikia kwa kuchelewa, akashuka hadi mtoni na kungoja mashua, kisha mashua ikakaa Yangambi na mashine mbovu. Gertrude alimwambia mlangoni, maana hakujua namna nyingine. Priscille alikaa chini palepale kwenye vumbi.

Alipoweza kusema, aliuliza, "Mama, wewe iko mutu wa wapi?"

Gertrude alimtajia kijiji chao na kabila lao. Priscille akaacha kulia, akamtazama kwa hofu. Gertrude akamweleza habari za Ruffin, na yale mzee aliyosema siku ya mvua mpaka pale maneno yalipokatika.

"Baba yako alikuwa mutu wa namna gani?" aliuliza. "Anaweza kuua?"

"Sijui, mama. Niliolewa zamani. Mi nilimuacha mutu wa kucheka." Akatikisa kichwa. "Vita ilibadilisha batu bengi. Siwezi kuapa."

Walikwenda makaburini kwa miguu, Priscille akishika mkono wa Gertrude kwenye utelezi. Kule alipiga magoti juu ya udongo ulio bado laini, akamwita baba yake kwa majina yote. Gertrude alisimama kando. Hakulia. Alijaribu kuomba, akapata jina la Ruffin na jina la Émile, akayataja yote mawili, akaishia hapo.

Njiani Priscille aliuliza, "Kwa nini ulimupokea?"

"Niliambiwa."

"Na kuhusu kaka yako, Mungu amekuambia nini?"

"Bado hajaniambia kitu."

Priscille alikaa naye mpaka mashua ya kurudi ilipopatikana. Waliachana bandarini bila ahadi. Guelord bado anapita sokoni na abiria wake, na Gertrude akimwita hageuki. Kanisani, wakati wa ushuhuda, watu wengine humtazama wakimngoja asimame. Anabaki ameketi. Ila wakiambiwa wasali kimya kimya, yeye ndiye wa mwisho kufungua macho, na Pasta Alexis amezoea kumngojea.