Bei Ilipofika Chini Nami Nimo Edani

Mume wangu alipofariki nilikaa eda katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu, kule Malindi mtaa wa Shella, na wiki hiyo hiyo hisa zangu zikaanza kushuka bei. Wenzangu wakifiwa hulia kwa utulivu. Mimi nililia huku jicho moja liko kwenye simu.

Hisa zilikuwa zangu mwenyewe, za benki moja ya Nairobi, nilizozinunua kidogo kidogo kwa miaka mingi ya kushona mabuibui. Nyumba ndiyo haikuwa yangu. Mimi sikumzalia mume wangu, na mjane ambaye marehemu wake ameacha watoto, fungu lake katika mirathi ni thumni tu, sehemu moja katika nane. Iliyobaki ilikuwa haki ya wanawe wawili wa mke wa kwanza. Baada ya hitima, yule mkubwa alikuja akaketi kwenye kiti karibu na mlango.

"Shikamoo, mama mdogo. Sisi hatukutoi. Kaa eda yako umalize, ndipo tuzungumze. Ukiweza kutulipa haki yetu, nyumba ni yako. Usipoweza, yuko mtu anaitaka."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia."

Nilikuwa nimeshapiga hesabu kimoyomoyo. Lau ningeuza hisa zote siku ile, pesa zingepelea kidogo tu. Nikasema nitangoja zipande. Miezi minne na siku kumi si haba, nikajiambia, na mimi siendi popote.

Basi zikashuka. Mjane wa kwetu hatoki bila ya dharura, hatii wanja, hajifukizi udi. Dunia yangu yote ilikuwa kitanda, msala, dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na ile simu. Asubuhi soko la hisa likifunguliwa nami nishaishika simu. Siku nyingine bei ilipanda ghafla, nikaambia moyo wangu haya, sasa tumeokoka. Kufika adhuhuri imerudi chini kuliko jana. Kule kupanda ndiko kulikoniumiza zaidi, maana kulinitia tamaa. Nikiinuka naenda wapi? Natoka kitandani naenda dirishani, nautazama ukuta, narudi.

Watu waliosomea mambo haya husema bei ikifika chini kabisa huwezi kujua mpaka ishapita. Mimi nilijidai nitajua. Kila iliposimama nilisema hapa ndipo, na kesho yake ikatoboka tena.

Jirani yangu naye alikuwa na hisa za benki ile ile. Akija kila alasiri, eti kunifariji. Anakaa, anafungua ushungi, anaanza: "Umesikia? Wageni wanauza zao waondoke. Umesikia? Benki itafungwa!" Nani kamwambia? Shemeji yake wa Mambrui. Na huyo shemeji kaambiwa na nani? Hajui. "Uza, mwenzangu, usije ukabaki na karatasi." Namtilia chai, naitikia. Akitoka nabaki na hasira, na hasira yenyewe ni kwamba nimeanza kumwamini.

Siku moja akaja anacheka. Ameuza zote, kwa hasara, na amelala usingizi ambao hajaulala tangu Ramadhani. Hakutaja benki hata mara moja. Alizungumza habari za bei ya jodari mpaka akaondoka. Nilimwonea wivu, Yarabi, wivu wa kweli! Nikavunjika. Nikamwita dada yangu mkubwa, aliyekuja kutoka kwake Mambrui kukaa nami, nikampa nambari ya dalali wa hisa aliyeko Mombasa.

"Mwambie auze zote. Leo hii."

Dada akapiga. Dalali akasema kwa adabu kwamba lazima aisikie sauti ya mwenyewe.

"Mwenyewe yumo edani," dada akamjibu. "Sauti yake haitoki kwa mwanamume wa nje. Zungumza na mimi."

Yule kijana akasema basi, eda ikiisha mwenyewe ampigie. Dada akakata simu.

"Nipe hiyo simu!"

"Sikupi. Udongo wa mumeo haujakauka, unataka kuongea na vijana wa Mombasa?"

"Vijana gani! Nataka kuuza hisa zangu!"

"Ngoja tumuulize shekhe."

Shekhe akaulizwa, kwa kupitia mkewe, na jibu likaja kwamba kwa dharura inafaa, nizungumze tu. Lilipofika, soko lilikuwa limeshafungwa. Nilimwambia dada yangu siku hiyo maneno ambayo mtu hamwambii dada yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nitakula.

Asubuhi yake ikatoka habari tuliyokuwa tukiiogopa wote: benki yenyewe ilitangaza kwamba faida imeanguka vibaya. Nikakaa kitako na simu mkononi, nambari ya dalali tayari. Nilingoja bei iporomoke. Haikuporomoka. Nikangoja mpaka soko likafungwa, na haikushuka hata senti.

Hapo ndipo nilipoelewa. Wenye hofu walikuwa wameshauza. Jirani yangu alishauza. Hata mimi, mkaidi wa wakaidi, jana nilikuwa nimeshauza moyoni, na kama si dada zingekwenda. Hakubaki mtu wa kutishwa. Hapa ndipo chini, nikasema, na mara hii sikuwa najidai. Nikaiweka simu chini ya mto wa kitanda.

"Si nilikwambia!" dada akasema.

"Hukunambia kitu, wewe!"

Lakini kufika chini siko kupanda. Bei ililala pale pale, wiki baada ya wiki. Mwanzoni nilikuwa naomba siku za eda zipite upesi nitoke. Sasa nikawa naomba zisipite. Nilimwita mwana wa mume wangu, nikamsihi anivumilie japo mwaka mmoja.

"Zitapanda, mwanangu."

"Umejuaje, mama mdogo?"

"Najua."

Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyezidiwa na msiba. Akasema mnunuzi hangoji, na mdogo wake anataka haki yake. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye nisingeniamini.

Siku ya kutoka eda walinikosha, wakanivika, wakanifukiza udi, wanawake wakapiga vigelegele. Wiki ile ile nikatia sahihi nyumba iuzwe, nikachukua thumni yangu na cherehani, nikahamia kwa dada Mambrui. Hisa sikuziuza.

Zilipanda. Zilichukua muda, lakini zilipanda mpaka zikapita nilipotarajia, na dada huwaambia watu kwamba mdogo wake ni tajiri. Kweli, pesa ninazo. Mwaka huu nilimpelekea salamu yule aliyeinunua nyumba yetu, nikamwambia ataje bei yoyote aitakayo. Akanijibu kwa adabu kubwa kwamba nyumba haiuzwi, ila nikitaka kuja kuitazama nikaribie wakati wowote, nisijione mgeni.