Gobore la Agripina Halilali Nyumba Moja

Saa moja asubuhi, Agripina yuko juu ya kichuguu katikati ya mihogo hapa Nyantakara, anagonga debe kwa kijiti. Nyani wanne wanamwangalia tu. Mmoja anajikuna.

"Unawaona? Washajua bunduki iko ofisini," anasema mama huyu wa miaka hamsini na mbili. "Nani kawaambia sijui."

Analinda mashamba matano. Ujira wake ni debe moja la mahindi kwa kila shamba, wakati wa mavuno. Mwaka huu wa 1996 wenye mashamba wawili wameshamnunia kwa mihogo inayoliwa na nyani.

Tangu wakimbizi wa vita vya nchi jirani wapite na watoto waanze kuokota risasi porini, amri imetoka: gobore la nyumba yenye watoto likae ofisi ya kata. Agripina analea wajukuu watatu. La kwake, aliloachiwa na marehemu mumewe, lina wiki mbili huko.

"Mimi sibishani na serikali," anasema, kisha anabisha. "Lakini serikali inalala kwangu? Mtoto akiumia, wa kuulizwa ni mimi."

Ana utaratibu wake. Gobore likiwa nyumbani hulala chumbani kwake, baruti kwa jirani yake Gervasi, ng'ambo ya kijito. Fataki za kulipulia baruti huzifunga kwenye pindo la kanga. "Mtoto akiiba gobore, kaiba bomba tu."

Jana mtendaji wa kata alikuja kukagua nyumba hiyo, yeye na mgambo Pancras.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaeni, togwa ipo."

Pancras akaegemeza bunduki yake kwenye ghala, akainamia kibuyu. Mara mjukuu Bonifasia, miaka sita, akapiga kelele:

"Bibi! Bunduki ya mjomba haina mtu!"

Alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwenye bunduki, mikono nyuma, kama alivyofundishwa. Pancras akapaliwa. Mtendaji akacheka mpaka akashika mgongo.

"Pancras, umekaguliwa wewe!"

Wakaelewana palepale: gobore litarudi Jumatatu, baruti ibaki kwa Gervasi, fataki zilale ofisini. Kila asubuhi Agripina atachukua tatu.

Ameridhika?

"Nyani watanitambua Jumatatu," anasema, akigonga debe tena. "Na serikali sasa ni jirani yangu kama Gervasi. Ila hizo fataki waziweke vizuri. Bonifasia atakuwa anapita kukagua."