Mwaka Mama Alipokuwa Zimamoto

Mpaka leo, nikisikia harufu ya nyasi kavu zilizoungua kisha zikamwagiwa maji, mdomo wangu hujaa mate kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Ni harufu kali, ina uchachu kidogo, nayo hunirudisha kwenye mji mdogo wa wakulima upande wa magharibi wa Shakopee, ughaibuni, si mbali na Minneapolis, miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka tisa.

Tulikuwa Watanga pekee mahali hapo, na pengine Waafrika pekee. Baba alikuwa mhandisi, ofisi yake Eagan, lakini aliapa kwamba hawezi kuishi mahali ambapo hawezi kupanda mahindi. Basi tukapanga nyumba ya shamba. Jirani yetu wa karibu alikuwa Bi Doris, mjane mwenye ng'ombe kumi na wanne, na kila mmoja alikuwa na jina lake.

Mambo yalianza siku ya Idd, katikati ya baridi. Mama alichoma udi mpaka nyumba ikajaa moshi, kisha akafungua dirisha ili tupumue. Bi Doris, aliyetoka kuchukua barua zake, akauona moshi. Hatukukaa sana, gari jekundu likaingia uani likipiga king'ora, na wanaume watano wakashuka na mipira ya maji.

Mama aliwapokea mlangoni na chetezo mkononi. Ilipobainika kwamba kinachoungua ni udi tu, hakuna aliyejua atazame wapi. Mama akaamua kwamba wageni hawaondoki siku ya Idd bila kula, akawakalisha wote na mabuti yao, akawapakulia biriani.

Mkuu wao aliitwa Mzee Harold. Alikuwa fundi wa matrekta, mwenye masharubu yaliyokuwa yakidondosha theluji iliyoyeyuka kwenye sahani. Alieleza kwamba wote ni watu wa kujitolea. Shida yao ilikuwa mchana, kwa sababu wengi walifanya kazi Minneapolis.

"Mchana mimi nipo," Mama alisema.

Baba alicheka. Mama hakucheka.

Alikwenda mazoezini kila Jumatatu jioni. Siku ya kwanza alirudi akishika mbavu kwa kicheko. "Zaina, mwanangu, kumbe wote wanavaa ushungi!" Alikuwa amepewa kile kitambaa kisichoshika moto wanachovaa kichwani chini ya helmeti, kinachoacha uso tu. Aliniambia Mzee Harold na masharubu yake alionekana kama bibi wa Pangani anayekwenda maulidini.

Theluji ilipoyeyuka, alikuwa amejifunza kuendesha lori la maji, na wakati wa mchana hakuna mwingine aliyeliendesha. Tukienda Richfield Jumapili kuonana na Watanzania wenzetu, shangazi zangu wa hiari walimzunguka. "Shoga, umevuka bahari uje kuzima moto?" Mama aliwajibu, "Moto haungoji mume atoke kazini."

Moto wenyewe ulikuwa haba. Mwaka ule Mama alivuta ndama kutoka kwenye bwawa, akamwinua babu aliyeteleza bafuni, akaondoa gari la mchungaji mtaroni mara mbili. Kwenye kifungua kinywa cha mwaka cha kituo cha zimamoto alitia iliki kwenye chapati za maji, na foleni ikatoka mlangoni hadi barabarani.

Mji mzima ulimpenda. Mimi nilikichukia kidude kimoja: peja yake, iliyolia kila kituo kilipomwita kazini. Ilikaa kiunoni kwake kama kupe, na ilipolia Mama aliacha kila kitu. Ililia nikikata keki yangu ya kuzaliwa. Ililia siku niliyong'oka jino. Kwa hiyo, siku niliyochaguliwa kusoma shairi mbele ya shule nzima, niliamka mapema, nikaizamisha kwenye ndoo ya unga wa sembe.

"Peja yangu iko wapi, Zaina?"

"Sijui," nilimjibu kwa Kiingereza. Uongo ulikuwa mwepesi zaidi kwa lugha hiyo.

Alikuja shuleni mchana, akaketi mstari wa mbele na kanga yake nzuri. Nilianza kusoma. Lilikuwa shairi la mabata bukini wanaohama wakati wa baridi. Beti mbili tu, vichwa vikaanza kugeuka dirishani. Moshi mweusi ulikuwa umesimama wima kama mnara juu ya banda la Bi Doris. Mama akapeleka mkono kiunoni, akapapasa, akakuta patupu. Akanitazama pale jukwaani, mara moja tu. Kisha akakimbia.

Lori la maji lilifika likiwa limechelewa robo saa. Ng'ombe walitolewa wote, ila banda na nyasi za msimu mzima viliteketea, na Bi Doris aliungua mkono akimvuta ndama wa mwisho.

Jioni Mama alichota unga ili asonge ugali. Mkono wake ukatoka na peja, nyeupe kama panya wa kinu, kijitaa chake chekundu kikimetameta. Aliipangusa kwa upindo wa kanga. Hakunipiga. "Jumatatu," alisema, "utawaambia mwenyewe."

Jumatatu nilisimama kituoni mbele ya watu kumi na wawili. Bi Doris naye alikuwepo, mkono umefungwa bendeji. Nilisema yote huku nikitazama viatu vyangu.

Bi Doris ndiye aliyesema kwanza. "Na shairi, ulilimaliza?"

"Hapana."

"Basi limalize. Nilitaka sana kuja siku ile."

Nikadhani ni adhabu. Nikalisoma tangu ubeti wa kwanza hadi wa sita, baina ya magari mawili mekundu. Nilipoinua macho, Mzee Harold alikuwa amevua kofia. Kinyozi wa mji alikuwa akijifuta macho kwa mkono wa shati. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori, midomo yake ikiyafuata maneno, kwani alikuwa amelihifadhi lote. Walipiga makofi mpaka mabati yakavuma, nami nikarudi nyumbani nikiamini kwamba mimi ni msomaji hodari kupita kiasi.

Sasa mimi ni muuguzi, na nina binti ambaye tamasha zake nimezikosa kadhaa kwa sababu ya zamu. Ndipo nilipoelewa. Watu wale walisikiliza kila neno kwa sababu kila mmoja wao aliwahi kumwacha mtoto wake jukwaani, akakimbilia nyumba ya mtu mwingine. Jumatatu ile, kwa dakika chache, nilikuwa mtoto wao wote.